Matanga ya Mzee Sixten

Hasira hasara, wanasema, lakini waliosema hivyo hawajawahi kupakana na Peguy. Duka lake la simu na saluni yangu hapa Albert Park, Durban, vinashiriki ukuta mmoja, na kelele zake nazisikia hata mashine ya kukaushia nywele ikiwa inanguruma. Kwa hiyo nikikwambia kwamba Jumapili ile nilitaka kumkaba koo mbele ya kanisa zima, usinione mkali. Sikiliza kwanza.

Mimi ni Félicité. Mchana nasuka nywele, na jioni mbili kwa wiki napuliza tromboni katika bendi ya Mzee Sixten Ahlmark, Mswidi, mtu wa jazi, aliyekuwa akiongoza bendi kabla mama yangu hajazaliwa. Tromboni nilijifunza Uvira, kwenye fanfare ya kanisa, yaani bendi ya tarumbeta, nikiwa msichana pekee katikati ya wavulana wenye mashavu kama maandazi. Hapa Durban nilikuwa nimeiweka juu ya kabati inakula vumbi, mpaka siku moja nilipokuwa namfokea mteja kwa sababu hataki kutulia, mlango ukafunguka. Akaingia mzungu mrefu, nyusi nyeupe pe, akaniamkia kwa Kiswahili cha kwetu kabisa.

"Jambo mama. Miye niko mutoto ya Uvira."

Nikaangusha kitana. Wazazi wake walikuwa wamisionari, na yeye alizaliwa kule milimani juu ya ziwa. Alikuwa anapita tu barabarani, akasikia nikigomba, na matusi yangu, alisema, yalimkumbusha nyumbani. Kabla hajatoka alishajua kwamba nina tromboni, na wiki hiyo hiyo nikawa kwenye bendi.

Mazoezi tulifanyia sebuleni kwake Glenwood, nyumba ya zamani ambayo vyumba vya jirani vyote wamepanga wanafunzi. Tukianza kupiga, wanafunzi wanagonga ukuta. Mzee anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa, anasema hao jamaa wanachelewa kwenye mdundo. Blaise alikuwa kwenye gitaa, Ambokile wa Mbeya kwenye ngoma, na wengine wapulizaji tuliowaokota huku na huku. Mzee alitufundisha kwa ukali na kwa mapenzi. Baba yangu nilimzika nikiwa mdogo, na sioni haya kusema: huyu mzee nilimpenda kama baba.

Sasa, tatizo letu lilikuwa ngumi.

Mzee alikuja nayo kutoka Uswidi. Kwake, wimbo una mwisho wake ulioandikwa. Ukifika, anainua mkono, anafunga ngumi, na bendi nzima inanyamaza papo hapo. Huo ndio ustadi, anasema. Lakini sisi muziki ukishaingia kwenye sebene, pale magitaa yanapoanza kukimbizana na watu wanainuka, mwisho hauandikwi na mtu. Mwisho unaletwa na miguu ya wachezaji ikichoka. Katika onyesho letu la kwanza, Mama Laurette alikuwa amekaa mbele. Huyu ni mkubwa wa kina mama wa kanisani, mtu ambaye asipoinuka yeye, hainuki mtu. Mwishoni mwa wimbo mmoja Blaise akachokoza gitaa kidogo. Mama Laurette akasimama, akakaza kitenge, akanyoosha mkono juu, akapeleka kiuno kushoto, na kabla hakijarudi kulia Mzee akafunga ngumi.

Kimya ukumbi mzima. Mama wa watu amebaki katikati, mkono hewani, kiuno hakijui kiende wapi. Akakaa polepole, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakuja tena, na asipokuja yeye Albert Park nzima haiji. Onyesho lililofuata, wote waliohudhuria wangeingia kwenye taxi moja, basi dogo la huku, na dereva angegoma kuondoka kwa kuwa haijajaa.

 Siku ile Mzee alivikunja viti yeye mwenyewe. Baadaye ndipo alipotuambia kwamba mtoto wa dada yake kule Norrköping amemtafutia chumba katika nyumba ya wazee, na tiketi ya ndege iko kwenye simu, ya Jumatano. Ilibaki Jumapili moja, onyesho la mchana, katika ukumbi wa Queensburgh.

"Nimepigia watu miaka mingi," aliniambia. "Kupigia viti, siwezi. Jumapili nikiona viti bure, Jumatano naenda."

Nilirudi nyumbani nikalia, kisha nikakasirika, maana mimi kilio na hasira hulala kitanda kimoja. Kesho yake nikampa Peguy kazi. Nikamkabidhi picha ya Mzee ya zamani, akiwa na koti na tai, nikamwambia atengeneze tangazo la WhatsApp na fulana za bendi. Aandike jina, miaka ya kazi yake tangu bendi ya kwanza mpaka leo, mahali na saa. Ilikuwa mwisho wa mwezi, saluni imejaa, hata sikupata nafasi ya kuangalia alichofanya. Jumamosi alichungulia mlangoni akicheka hadi ufizi.

"Ya Féli, dada yangu, ile tangazo imeenda mbaya. Watu wanaituma mpaka Pinetown. Wengine wanalia."

Nikafikiri wanalia kwa furaha. Mjinga mimi.

Jumapili tulifika mapema na gari la Blaise. Mzee akapita moja kwa moja nyuma ya pazia la jukwaa, akakaa kwenye kiti chake na kufumba macho. Hiyo ni desturi yake kabla ya kupiga, na hapo haongeleshwi na mtu. Mimi nikaenda kusimama mlangoni. Nilijiambia wakija watu wa kujaza hata safu tatu, nitashukuru.

Wakaja. Jamani, wakaja! Taxi ya kwanza ikashusha, ikaja ya pili, magari yakapanga foleni mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani. Kina mama wa kanisa wote, wenye saluni wenzangu, wauza viatu, vijana wa Kitanzania niliokuwa nawaona tu sokoni. Niliruka ruka pale mlangoni kama mtoto aliyeona mama yake anarudi na mkate. Safu za mbele zikajaa, za nyuma zikajaa, watu wakaanza kusimama ukutani. Nikawa nacheka peke yangu.

Ndipo nikaanza kuona vitu. Kwanza masufuria. Wanawake wanashusha masufuria ya sombe, kisamvu chetu, na wali, na makreti ya soda, wanayapeleka jikoni bila kuuliza. Kisha nguo nyeusi, nyingi. Kisha mzee mmoja akavua kofia, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akapita ndani. Nyuma yake akaja Mama Laurette, ana kitambaa cheupe mkononi, macho mekundu. Akanivuta kifuani kwake.

"Pole, mutoto wangu. Umebakia yatima mara ya pili."

Kupitia bega lake nikamwona Peguy anaingia, kavaa fulana. Picha ya Mzee iko kifuani, nyeusi na nyeupe. Kulia kwake njiwa anaruka. Chini yake mawingu. Na chini ya mawingu: Sixten Ahlmark, 1961–2025, Asante kwa Yote.

Peguy, kwa wasiomjua, riziki yake nusu ni matangazo ya misiba. Mfano anao tayari kwenye kompyuta, njiwa na mawingu vimeshapangwa. Akabadilisha picha na jina tu, akaona kazi imependeza. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wananong'ona kwamba kumbe marehemu alikuwa kijana wa miaka sitini na kitu, lakini ndiyo hivyo, wazungu wanazeeka haraka.

Nilimfuata Peguy nikamshika kwenye fulana, pale pale kwenye njiwa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Ndipo akaelewa. Akauliza tufanye nini, na mimi nikageuka kuutazama ukumbi: hakuna kiti kimoja kitupu, hata kimoja. Nikisema ukweli sasa hivi, watu hawa watachukua masufuria yao na kuondoka, na Mzee atatoka nyuma ya pazia akute alichokiogopa. Nikinyamaza, namzika mtu aliye hai. Na Mzee alihitaji kuwaona hawa watu, hata kwa dakika moja tu.

Pasta Honoré akanifikia kabla sijaamua. Hakuwahi kukutana na Mzee, lakini mtu wa Mungu haachi msiba. Akaniuliza kwa sauti ya chini mwili uko wapi.

"Nyuma ya pazia, Pasta," nikamjibu, na huo haukuwa uongo.

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akapanda jukwaani, akaomba. Kina mama wakaimba wimbo wa kilio, sauti tatu, vizuri hata nikasahau ninamlilia nani, machozi yakanitoka kweli. Kisha Pasta akatangaza kwamba hakuna matanga bila wasifu, na aliyemjua marehemu vizuri ni Dada Félicité. Makofi hayapigwi msibani, lakini macho yote yalinipiga mimi. Nikapanda. Nikajisemea, nitawashika kwa maneno, mpaka Mzee asikie kelele atoke mwenyewe.

Sikuwa na karatasi wala sikuihitaji, maana maisha ya yule mzee nimeyasikia kila mazoezi, kati ya wimbo na wimbo. Nikaanza na Uvira. Nikasema alizaliwa milimani, baba yake alipiga kinanda cha kanisa vibaya mpaka mbuzi wakawa wanakimbia, na pembe ya kwanza aliyopuliza ilikuwa ya fanfare, imebonyea, ameazimwa na mwana wa mpishi. Watu wa Uvira waliokuwemo wakaitikia kwa kuguna. Nikasema alipopelekwa Uswidi alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, na alipowaambia wenzake kwamba kuna ziwa ambalo maji yake ni ya moto mwaka mzima, walimwita mwongo. Hapo wengi waliinamisha vichwa. Sote tuliokuja Durban tumeshaitwa waongo kwa kusimulia kwetu.

Nikapata moto. Nikawaeleza alivyofanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi, vidole vina vidonda, na jioni anapuliza tromboni na bendi ya wafanyakazi. Mwaka wa 1961 akaunda bendi yake mwenyewe. Walipiga kwenye viwanja vya dansi vya kiangazi, ambako jua linakataa kuzama, na Waswidi, watu wasiosalimiana hata kwenye lifti, wanashikana viuno mpaka asubuhi. Nikawaambia alivyomwoa Gunvor, mwimbaji, aliyesimama hatua moja nyuma ya maikrofoni kwa sababu sauti yake ilikuwa haiihitaji. Nikawaambia kuhusu sahani ya santuri waliyoiita kwa jina la ziwa letu, iliyopigwa kwenye redio za huko mpaka wale wenzake wa shule wakaandika kuomba radhi. Nikawapandisha melini, bendi kubwa nzima ikipiga njiani kwenda Ufini, bahari imechafuka, sakafu inalala upande na wachezaji wote wanateleza kuelekea kwenye ngoma. Watu wakacheka, wakakumbuka wako msibani, wakajifuta.

Na hapo, kama kila msoma wasifu, nikataka kumpamba marehemu.

"Baba yetu alichukia ulevi," nikasema. "Alikuwa na mpiga ngoma mmoja, Rune, mulevi wa kupindukia. Akamufukuza melini mbele ya watu, ju ya heshima ya bendi."

"Hapana," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Ile si kweli."

Nilishika nguzo ya maikrofoni. 

"Rune hakunywa hata siku moja. Mulevi ilikuwa miye. Yeye njo alimwanga chupa zangu kwenye maji, na miye nikamufukuza. Félicité, sema vile ilikuwa."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini siku ile waliiona na walio hai. Mtu wa safu ya tatu aliruka dirisha na kuacha kiatu. Pasta Honoré aliinua Biblia juu ya kichwa kama anajikinga na mvua. Kina mama walipiga yowe moja, refu, lenye sauti tatu vilevile. Ambokile alikuwa amekaa nyuma ya ngoma zake, anacheka mpaka analia. Katika zogo lote lile ni Mama Laurette tu ambaye hakutikisika. Alisimama, mikono kiunoni.

"Maiti gani hii yenye kujishitaki?"

Pazia likasogea, Mzee akatoka. Aliutazama ukumbi kwa muda mrefu. Aliona watu wamejaa mpaka ukutani, akaona weusi wa nguo, akasikia harufu ya sombe kutoka jikoni, na mwisho akaona uso wake mwenyewe kwenye kifua cha Peguy, na njiwa. Mzee si mjinga.

"Nimekufa lini?" akauliza.

Peguy akajaribu kueleza kwamba ile ni miaka ya kazi tu, Mzee, kazi tu. Ukumbi mzima ukamgeukia. Kisha hasira ikapanda, na ilikuwa hasira ya haki: watu wamekesha wakipika, wamefunga saluni na meza zao, wamelipia taxi, wamelia. Kuna waliosema hii ni laana, kuna waliosema ni utapeli. Wanawake wakaanza kwenda jikoni kuchukua masufuria. Nikaona viti vinaachwa kimoja kimoja, na hapo uvumilivu ukanishinda.

Nikapiga kelele kwenye maikrofoni mpaka ikalia. Nikawaambia kosa ni letu, Peguy nitamkaanga mwenyewe, lakini wakae wasikie. Nikawaambia huyu mzee anaondoka Jumatano. Tiketi iko. Anakwenda kukaa kwenye chumba ambacho hakuna mtu atakayemwamkia kwa Kiswahili mpaka afe kweli, na hapo hatutaitwa matangani kwa sababu ni mbali. Anaondoka kwa kuwa akiwa mzima hatumjii, tunakuja akiwa amekufa. 

Mama Laurette alikuwa ameshabeba mkoba. Akauweka chini.

"Wasifu haiyaisha," akasema. "Maliza."

Nikamtazama Mzee. Akaitikia kwa kichwa, niendelee. Ilibaki sehemu moja, ile ambayo hakuna wasifu unaoweza kuikwepa. Mke wake tulishamtaja, alitangulia. Watoto hawakupata. Nikasema marehemu ameacha, nikakwama. Nikaanza tena. Nikasema ameacha Blaise, gitaa. Ameacha Ambokile, ngoma. Ameacha Peguy, na Mungu amsamehe. Ameacha binti mmoja, msusi, tromboni. 

Mama Laurette alipanda ngazi za jukwaa taratibu, kwa kuwa magoti yanamsumbua, akasimama mbele ya Mzee. Alizungumza kama anayetoa hukumu. Mtu akishaliliwa na watu, alisema, ni wa watu hao. Wao wamemlilia, nyimbo zote wameshaziimba, chakula cha matanga hakirudi nyumbani kwenye sufuria. Hana ruhusa ya kwenda kufia pengine, maana hawatamlilia mara mbili.

Mzee aliinama kidogo mbele yake. 

"Mama," akasema, "nikibakia, mutakuya tena bila miye kufa?"

"Na weye, utatupigia kitu ya kucheza?"

 Mzee aligeuka kwetu, akainua vidole, akahesabu kwa Kiswidi kama anavyohesabu siku zote, na tukaanza kupiga. Sijawahi kupuliza vile maishani mwangu. Tulikuwa na hofu, na aibu, na furaha iliyotaka kunipasua kifua, vyote vikatokea kwenye shaba ya tromboni. Ulikuwa wimbo wa ziwa. Mtu wa dirishani akarudi kufuata kiatu chake, akabaki. Pasta akaanza na mguu mmoja tu, wa kulia. Kisha Blaise akaingia kwenye sebene, na Mama Laurette, pale pale jukwaani, akakaza kitenge, akanyoosha mkono, akapeleka kiuno kushoto.

Na mwisho ulioandikwa ukafika. Mkono wa Mzee ukapanda wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile. Ukumbi mzima ukauona. Blaise akanitazama, mimi nikamtazama Mzee, vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kujikunja. Vikasimama. Akavitazama kama vya mtu mwingine. Kisha akaushusha mkono, akautia mfukoni, na kiuno cha Mama Laurette kikarudi kulia.

Sijui tulipiga muda gani. Masufuria yalifunguliwa, watoto wakalishwa, watu wakacheza na sahani mkononi, na kila tulipodhani miguu imechoka, inatokea miguu mingine. Mzee hakukaa. Alisimama mbele yetu akitokwa jasho, uso mwekundu, anacheka kwa meno yote. Mama Laurette akamwendea huku anacheza, akamfuta paji la uso, mashavu, na shingo, kwa kile kitambaa cheupe alichokuja nacho kumlilia. Kilikuwa tayari kimelowa machozi yake, naye akamfuta nacho hivyo hivyo.

Jumatano kiti kitupu kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kwenye ndege.